Pale Wangechi Alipofinya Udongo

Jumanne, 10 Februari
Jua kali tangu asubuhi. Chepkurui wa ofisi ya hali ya hewa amekuja kusoma mashine ya unyevu wa udongo. Imezikwa nyuma ya jikoni, palepale marehemu mke wangu Wangechi alipofinya udongo kila Jumapili baada ya kanisa, akanusa, akasema wiki itakuwa na joto au la. Hakukosea sana. Chepkurui ameeleza tena: udongo ukiwa na maji, jua humaliza nguvu kuukausha na hewa hubaki poa. Ukiwa mkavu, joto lote hutuangukia sisi. Kwa hiyo unyevu wa leo huwasaidia kukisia joto la majuma yajayo. Nikasema Wangechi alijua hayo bila betri. Akacheka, akamaliza chai.

Jumatano, 11 Februari
Jirani Gathogo ameniita uani. Jamleck, hilo vumbi lako wanapima nini? Kwake chini ya migomba kuna unyevu. Ati mashine itahamishiwa kwake. Sikupata usingizi wa mchana. Ikienda, nyuma ya jikoni patakuwa kimya kabisa.

Alhamisi, 12 Februari
Mpango. Maji ya kuoga, beseni asubuhi, beseni jioni, yote juu ya mashine. Nimeoga mara mbili kwa siku, jambo ambalo Wangechi aliliomba miaka thelathini. Udongo ulinukia kama yeye akitoka shambani.

Jumanne, 17 Februari
Chepkurui alitazama vipimo kwenye simu yake muda mrefu. Mzee, mvua imenyesha huku? Nikasema kidogo. Akauliza mbona mkebe wa kupimia mvua una buibui. Basi mashine imeharibika, akasema, nayo itadanganya utabiri wa bonde zima. Watu watangoja hewa poa, wapande mapema, miche iungue. Isipotengemaa wiki ijayo, inaenda kwa Gathogo. Gathogo alikuwa uani, aking'oa magugu ambayo hayapo.

Jumanne, 24 Februari
Nimekiri. Nimemwonyesha Chepkurui beseni. Akauliza kama kulikuwa na sabuni. Nikasema ya kipande. Mzee, akasema, hata ukavu wa udongo wako ni habari. Atafuta vipimo vya siku zangu za kuoga. Mashine inabaki. Nikamtilia chai katika kikombe cha Wangechi, nikaahidi kutoigusa tena.

Jumapili, 8 Machi
Mawingu yameshuka hadi Mai Mahiu. Malori yanateremka yakiwa yamewasha taa mchana. Tumetoka kanisani na matone ya kwanza. Gathogo anatangaza kwamba migomba yake inakunywa. Wacha inywe. Ukavu ni habari, Chepkurui alisema mwenyewe. Nimesimama nyuma ya jikoni na mwavuli wa Wangechi, ule wa maua, wenye tundu moja. Mimi nalowa, mashine hailowi. Jumanne atakuta hapa udongo mkavu kuliko wote bondeni.

Nimeokota kidogo chini ya mwavuli, nikaufinya, nikanusa.

Wiki itakuwa na joto.