Ombi la Kusogeza Ofisi ya Prefe Karibu na Kompyuta

Masisi, Jumanne

Kwa Papa Prefe, mkubwa wa shule yetu,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Bénédicte Uwamwezi, wa mwaka wa sita, ninayekaa nyuma karibu na dirisha. Ninaandika kwa sababu kwa mdomo nisingeweza.

Kompyuta ya shule inatumia Linux. Tangu irudi kutoka matengenezo, inaonyesha kila kitu kikubwa mno: 800 kwa 600 badala ya 1366 kwa 768. Fomu inazidi skrini, na kitufe cha kuhifadhi kinabaki chini, mahali kishale hakifiki. Majina yetu kumi na manne ya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hayajahifadhiwa, na orodha inaondoka Ijumaa. Asiyekuwemo atangoja mwaka mzima.

Dawa ipo. Mwalimu Hubert anachagua kipimo sahihi, skrini inanyooka, kisha mashine inauliza kama tubaki nacho. Inatoa sekunde ishirini tu. Asipojibu mtu, inarudia ubaya wake. Nawe ulibandika sheria mlangoni: hakuna badiliko kwenye kompyuta bila sahihi ya Prefe na kashe, yaani muhuri wake. Kwa hiyo nalalamika:

1. Ofisi yako iko ng'ambo ya uwanja. Noël, mwenye mbio kutushinda wote, alikufikia na karatasi ya kutiwa sahihi kwa sekunde kumi na tatu. Ulimwuliza habari za mama yake, za shamba, na za ng'ombe aliyezaa. Ng'ombe peke yake alichukua sekunde kumi na moja.

2. Mara ya pili aliingia bila kusalimia. Ulisema, "Weye mutoto, kwanza salamu, njo karatasi!" Mpaka leo anang'oa majani nyuma ya vyoo.

3. Tuliomba sahihi ya mapema. Mama Claudette, mwandishi wako, alijibu kwamba ofisi haipigi kashe juu ya swali ambalo halijaulizwa. Nilifikiri sana, nikaona ana haki.

4. Kosa basi ni la mashine. Bienvenu wa darasa letu anasema, "Ile kompyuta haikukulia kwetu, haijui kungojea mukubwa."

Kwa hiyo naomba meza yako, kashe, benchi la wageni na Mama Claudette vihamie chumba cha kompyuta hadi Ijumaa. Wageni wote wakusalimie asubuhi, salamu za siku nzima, ili sekunde zibaki safi. Chumba kikiwa kidogo, ukuta wa mwaka wa kwanza ubomolewe. Wadogo wale wasomee nje. Examen d'État yao bado iko mbali.

Unisalimie Mama wa nyumbani, walimu wote, mlinzi wa lango na wazazi wanaongoja mlangoni pako.

Ni mimi mwanafunzi wako mtiifu,
Bénédicte Uwamwezi

N.B. Nilipoingia chumba cha kompyuta kutafuta bahasha, Mwalimu Hubert alikuwa amefungua swali la mashine tena, akatoka mbio kuita mkimbiaji. Nilibaki nalo peke yangu. Nilihesabu mpaka kumi na tisa nikikungojea, kisha nikabonyeza "Garder", yaani tubaki nacho. Skrini imenyooka, na majina yote kumi na manne yamehifadhiwa. Kama sheria lazima iheshimiwe, niko tayari kuiharibu skrini tena siku utakayopata nafasi, uje utie sahihi.