Malalamiko Dhidi ya Shemeji Aliyeshindilia Theluji Juu ya Grini ya Saba

2 Aprili

Kwa Bi. Ursina Bezzola,
Mwenyekiti wa Kamati ya Uwanja wa Gofu

Bi. Mwenyekiti uheshimiwaye,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limepona. Mimi si mzima. Nina hasira, na mke wangu Annina ameniagiza niziandike badala ya kuzipigia kelele jikoni kwake.

Mwezi uliopita mliniarifu kwamba grini zote tisa zisipokuwa tayari ifikapo tarehe kumi na tano Mei, mtanipumzisha na kazi yangu itapewa kampuni ya kule bondeni. Kunipumzisha! Miaka ishirini na sita nimetunza nyasi za mlima huu, na hakuna siku niliyowaambia nimechoka. Basi kabla hamjanipumzisha, naomba msikie yafuatayo.

1. Flurin. Huyu ndiye dereva wa mashine ya kushindilia theluji na, kwa bahati yangu mbaya, ndiye kaka wa mke wangu. Kila Desemba hutengeneza njia ya skii juu ya uwanja wetu, na sina neno na hilo, watu lazima wateleze mahali. Lakini mwaka huu ameipitisha katikati ya grini ya saba, lile zulia la nyasi fupi nililolipanda kwa mikono yangu! Theluji imekuwa ngumu kama sakafu ya kanisa. Nilipomfuata alinijibu, na ninamnukuu: "Shemeji, nyasi imelala hiyo. Unaiamshia nini?" Mtu wa dizeli ananifundisha mimi nyasi!

2. Grini nane zilizobaki nimezihudumia kitaalamu. Tangu katikati ya Machi nimekusanya majivu ya meko ya kijiji kizima, ndoo kwa ndoo, nikayamwaga juu ya theluji ili yashike joto la jua na kuiyeyusha. Sasa zote nane ziko wazi kabisa, wiki tatu kabla ya uwanja wowote wa jirani. Ya saba sikuigusa, kwa kuwa Flurin alisimama mbele ya toroli langu akasema majivu yataharibu skii za watu. Skii, Bi. Mwenyekiti!

3. Majira ya baridi yenyewe. Tarehe mosi Machi watoto walizunguka na kengele kuyafukuza, kama desturi yetu. Niliwafuatilia kwa macho yangu: uwanjani walipita mara moja tu, tena mbio, kwa sababu keki ya njugu ilikuwa inawangoja shuleni. Siku tatu baadaye ikaanguka theluji ya kufika magotini. Naomba Kamati iiandikie halmashauri ya kijiji kengele zirudiwe, safari hii na watu wazima, shimo kwa shimo. Aidha, kwenye kanuni zetu, pale panapokataza viatu vya matope, paongezwe kwamba theluji hairuhusiwi uwanjani baada ya tarehe thelathini na moja Machi.

4. Wenye skii wenyewe. Nikiwa nimeinama na sururu kwenye ile ya saba, wananipita wakinipungia mkono. Juzi mmoja aliniuliza, "Tumasch, unamchimbia nani kaburi?" Nilikuwa natafuta jibu la kiungwana, na akawa ameshafika shimo la tisa.

5. Kwa sababu hizo, Flurin apigwe marufuku kukanyaga uwanja kwa gurudumu au kwa mguu, na Kamati itamke rasmi kwamba yeye si shemeji yangu tena. Mtasema hamna mamlaka juu ya ndoa za watu. Mbona mbwa wa Bw. Clavuot mlimfuta uanachama, na hakuwahi kuwa mwanachama? Annina amesoma aya hii akauliza, "Flurin akiacha kuwa shemeji yako, mimi nitakuwa nani humu ndani, mpangaji?" Swali hilo naiachia Kamati.

Nawasalimu wajumbe wote, pamoja na mhazini aliyenipa majivu mengi kuliko wote, na mama yako mzazi.

Wako ninayengoja jua,

Tumasch Caviezel
Mtunza Uwanja Mkuu

Nyongeza, 9 Aprili. Poromoko la theluji lilifunga barabara na posta haikupanda, ndiyo maana barua hii bado ninayo. Katika siku hizo baridi ilirudi, nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, siku nne mfululizo. Grini zangu nane zilikuwa uchi. Leo nimezikagua kwa magoti: zimekufa zote, Bi. Mwenyekiti. Ukizigusa zinang'oka. Kisha nikavunja theluji ngumu ya ile ya saba, na chini yake, imefunikwa kama kwa blanketi, nyasi ni kijani, hai, ina unyevu. Nimekaa pale nikalia, wala sioni aibu kukwambia.

Flurin aliniona, akazima mashine, akaja kukaa karibu yangu. Anasema tunaweza kukata vipande vya ile ya saba na kuvipandikiza kwenye zile nane, ila muda hadi Mei hautatosha. Kwa hiyo futeni namba moja hadi tano. Mkikutana kunipumzisha, sitabisha, lakini kazi mpeni yeye, si watu wa bondeni. Nimeshamwomba anichukue niwe kibarua wake. Amesema atafikiria.