Reli Iliyobaki Ndani ya Bomba

Jumatatu, tarehe 4
Kwa jina la Mola aunganishaye nyoyo. Nami mja wake naunganisha mabati. Salamu za heshima kwa atakayeifungua shajara hii, ingawa nimeificha.

Mpishi mkuu wa hospitali anataka bomba la kutolea moshi jikoni. Mafundi ni wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Kila mmoja alete kipande kilichozibwa ncha zote mbili, chenye kitobo kimoja cha kupulizia moshi. Kisichovuja ndicho kitakachopewa kazi. Shemeji hufunga kwa misumari ya riveti na gundi; mimi hukunja kingo za bati. Amesema mbele ya dada yake kwamba mikunjo yangu ni ufundi wa marehemu. Marehemu!

Jumanne, tarehe 5
Hila yangu: kumtangulia. Nimekunja kingo za bati, nimezipachika moja ndani ya nyingine, nimezilaza kwa nyundo juu ya kipande cha reli nilichokiingiza ndani. Riveti hakuna. Gundi hakuna. Nikaziba ncha ya kwanza, nikaziba ya pili. Mashallah! Sindano haipiti.

Baada ya Alasiri natafuta reli. Haipo. Nimeliinua bomba. Zito mno. Astaghfirullah!

Mke wangu akasema, mzee, likate uitoe. Nikamjibu kuwa mkunjo uliolazwa haufunguki ila kwa kuharibiwa. Na bati limekwisha, na jaribio ni kesho.

Jumatano, tarehe 6
La shemeji limevuja penye riveti ya tatu, likafuka kama chetezo. Langu, hata harufu! Mpishi akaliinua. Ndani kitu kikalia: kong! Shemeji akauliza kama nimefungia mbuzi humo. Nikakohoa kwa heshima, nikasema hapana. Mpishi akasema kitu kizito ndicho akipendacho. Kazi ni yangu!

Je, nimedanganya? Hasha. Sikuulizwa habari za reli. Niliulizwa habari za mbuzi.

Alhamisi, tarehe 7
Nimeazima reli ya shemeji. Akanipa huku akinuna, akasema nisiipoteze, ni ya marehemu baba yao. Nikamuuliza ni lini mimi nilipoteza kitu.

Jumamosi, tarehe 9
Sifa zimeenea! Mwoka mikate naye ametaka kipande cha kujaribu, kilichozibwa vilevile. Nimekimaliza kabla ya Adhuhuri. Ncha ya kwanza, ncha ya pili, mkunjo umefumba kama kope za aliyelala. Alhamdulillahi! Ushindi juu ya ushindi.

Shemeji amekuja kuidai reli yake. Nikatazama juu ya meza. Nikatazama chini ya meza. Nikalitazama bomba.

Nimemwambia iko kazini.

Mola akubariki, ewe msomaji, wewe na wote wa nyumbani mwako, akujazieni heri isiyovuja.