Cherehani za Stima kwa Parminder

Jumatatu, Novemba 6, 2006

Balaa! Bosi wetu Parminder ameleta cherehani za stima. Mpya, zimefungwa karatasi kama maharusi. Hapa Kitale tunashona yunifomu za shule kwa cherehani za miguu tangu niolewe. Sasa ati hadi Jumamosi kila fundi awe amezoea, na atakayeshindwa hana kiti hapa. Nikikosa kiti hiki kilicho karibu na nyumbani, nani atafukuza yule kijana wa kuchaji simu anayempigia binti yangu Sellah mluzi?

Parminder akasema mabadiliko huogopesha watu, kwa hivyo anataka mmoja wa kutuliza wenzake. Nikainua mkono kabla hajamaliza. Akili hiyo! Mwenye kutuliza hakai kwa mashine. Hutembea tu akisema pole. Mimi naogopa mashine hizo kuliko nyoka, lakini hilo nalijua mimi na shajara hii.

Jumanne, Novemba 7

Nimekosa wa kutuliza! Nilimshika Suad, fundi mdogo kuliko sisi wote, mkono, nikamwambia mwanangu, hofu ni kawaida. Akasema haogopi, mashine ni tamu, nimwachie mkono ashone. Kipketer, mkata vitambaa, akauliza mbona mshauri anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Parminder naye akasema kama hakuna mwenye hofu, si nikae pia nijifunze.

Mungu wangu! Saa ya chai nikapata dawa. Nikawasimulia juu ya mama mmoja wa Lwakhakha ambaye mashine ya stima ilimeza leso yake, ikapanda mpaka kwa nywele. Nilisimulia vizuri hata mimi mwenyewe nikasisimkwa. Suad akaacha mandazi yake katikati.

Jumatano, Novemba 8

Hofu kila mahali! Nimeshinda nikituliza. Nimeshika mabega, nimemimina chai, mmoja nimemwombea. Suad alilia, nikalia naye, maana nampenda kama binti yangu. Lakini sikumwambia kwamba mama wa Lwakhakha nilimtunga mimi.

Shida ni moja tu. Hakuna shati lililoshonwa, na shule zinangoja. Jioni Parminder akasema kesho Mama Sellah akae ashone, wenzake waone haiumi.

Alhamisi, Novemba 9

Aibu! Nilikaa. Miguu ikafanya ilivyozoea: nikakanyaga kwa yote miwili, mbele, nyuma, kwa nguvu. Cherehani ya zamani huamka polepole kama punda. Hii ilitoka mbio! Ikashona kola, ikashona mkono, ikashona aproni yangu. Nikasimama na shati la mtoto wa nasari likining'inia tumboni. Kipketer akauliza mtoto mwenyewe nimemshonea wapi. Walicheka mpaka Suad akakaa chini sakafuni.

Na hofu ikaisha! Kabla ya kufunga, wote walikuwa wanashona. Parminder akanipongeza, ati nimejiaibisha makusudi kwa ajili ya wenzangu. Nikainamisha kichwa, kama mnyenyekevu.

Ijumaa, Novemba 10

Wote wanajua isipokuwa mshauri. Suad alininong'oneza: mama, si nikufunze tukitoka, ni kugusa tu na kidole gumba cha mguu, utajua leo leo. Nikamwambia asante mwanangu, lakini tangu lini kifaranga kikamfunza kuku kuparua?

Nina njia yangu. Nilimpelekea Parminder ndizi za kuiva. Nikamwambia cherehani yangu ya miguu na mimi tumezoeana, tafadhali asitutenganishe. Akakubali mara moja! Hata hakuuliza swali. Nimerudi nyumbani nikiimba. Kiti kimepona!

Jumamosi, Novemba 11

Pikapu ilikuja asubuhi. Wakapakia cherehani zote za miguu, na yangu ndani. Nikapiga kelele. Parminder akashangaa: si nilisema tusitenganishwe? Za miguu zinaenda kwa karakana yake ya Bungoma, na mimi naenda nazo Jumatatu. Ati ni nadra kupata mfanyakazi anayepokea mabadiliko kwa moyo hivyo.

Suad amenishonea begi la safari kabla chai yangu haijapoa. Kwa stima. Sellah atakaa na mama mkwe, ambaye macho yake hayaoni mpaka kwa geti. Sellah hakulia hata kidogo. Hilo ndilo linaniuma.

Jumatano, Novemba 15

Bungoma. Chumba kidogo, mbu wakubwa. Nimepiga simu nyumbani, Sellah ameniambia nisiwe na wasiwasi. Nina wasiwasi.

Msimamizi wa hapa ni Santosh, mama mpole. Leo ametangaza ati kuanzia wiki ijayo kila fundi atashona kipande kimoja tu: huyu mifuko, yule zipu, basi. Wenzangu wamenuna, wamesema watajaribu hivyo hivyo. Wacha wajaribu! Mimi nimemfuata ofisini kwa heshima, nikamwambia nimezoea kushona suruali yangu nzima, mwanzo mpaka mwisho, aniache nilivyo.

Amekubali mara moja, hata hakubisha. Mtu mzuri sana huyu. Ameniuliza tu kama najua njia ya kwenda Kapsokwony, kule mlimani, kwenye karakana yao ndogo ya fundi mmoja.

Nikamwambia naijua vizuri kabisa.