Bakteria Aliyepewa Kigoda Wakati wa Posa ya Binti Yangu

Bantama, Kumasi

Mheshimiwa Profesa Agyeiwaa, Mkuu wa Maabara ya Magonjwa ya Matumbo,

Natumai barua hii itakukuta u mzima. Mimi ni Opanyin Kwaku Dwomoh, baba yake Afriyie. Nakuandikia kwa heshima kumlalamikia mwanafunzi wako, Yaw Obiri, aliyekuja kwangu Jumamosi na wajomba zake kumposa binti yangu.

1. Tulipoandaa fufu na mchuzi wa mbuzi, mama yangu, Nana Konadu, alimuuliza anafanya kazi gani. Kijana mwingine angejibu, "Nipo maabara, Nana," akaendelea kula. Yeye alieleza. Kuna bakteria, alisema, anayejibandika kwenye seli ya utumbo na kuidunga protini zake kama kwa sindano. Seli inapoteza vinyweleo vya kufyonzea chakula, inabadilika umbo, inainuka na kumfanyia kitu kama kigoda. Wajomba zake wenyewe waliacha kula.

2. Profesa, kwetu kigoda ni cha mfalme. Mama aliuliza, "Huyo mdudu katawazwa na nani?" Yaw akajibu, "Anajitawaza, Nana. Mwenye nyumba ndiye anayemtengenezea kigoda." Mama akasema hajapata kusikia utovu wa adabu wa namna hiyo.

3. Afriyie, badala ya kuinamisha macho, aliuliza, "Na ukiizuia ile sindano?" Wakaanza kuchoreana kwenye sahani, kwa mchuzi wangu. Posa ikasahaulika. Wajomba wakaondoka na vinywaji vya posa walivyoleta, na mimi sijui kama nina mkwe au sina.

4. Sasa mama hagusi chakula mpaka kila mtu anawe mbele yake. Hata mchungaji wetu alirudishwa bombani, mara mbili.

Kwa hiyo naomba kijana ahamishiwe kwenye kiungo kinachozungumzika mbele ya chakula. Meno, kwa mfano. La sivyo, posa naihesabu imevunjika.

Wasalimie wote hapo maabara, na mzee wa getini.

Wako kwa heshima na njaa,
Opanyin Kwaku Dwomoh

N.B. Barua imechelewa kwa sababu niliharisha vibaya baada ya kula msibani. Afriyie alimpigia simu Yaw, naye Yaw akaja na teksi, akanifikisha hospitali, akaninywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Hakueleza chochote. Nikamsubiri aeleze, wapi. Mwishowe nikauliza mwenyewe: "Mkwe, vile vinyweleo vyangu vitaota tena?" Akasema vitaota. Tafadhali mwache hapo hapo alipo.