Soksi Kwenye Ekzosi

Jumanne, 6 Mei

Sijawahi kumwambia mtu: huwa naongea na gari. Mbele ya watu sauti yangu hujificha kama panya, lakini nikikaa ndani ya gari jekundu la baba, lile la viti viwili la enzi za ujana wake, natiririka. Mwalimu akiniuliza swali darasani, jibu hulisikia gari jioni.

Sasa baba anataka kuliuza! Ekzosi, yaani bomba la moshi, imeoza, anasema, naye amechoka. Mnunuzi anakuja Jumamosi. Kaka yangu, ninayemwita Redio (hazimiki), anashangilia. Gereji yetu anataka aifanye kibanda cha kinyozi. Subirini. Nitafunga ekzosi ya gari la mashindano, kelele zimfukuze mnunuzi. Akili ni mali!

Alhamisi, 8 Mei

Fundi wa magari wa pale kona anayo. Nikampa baiskeli yangu, tukabadilishana. Aliniuliza mara mbili nimesemaje. Ya tatu nikaonyesha kwa kidole.

Ile ya zamani ilibomoka mikononi kama biskuti. Mpya nikaikaza nati zote kwa nguvu zangu zote, nikajipongeza. Bomba likakaa mshazari, linagonga sakafu ya gari! Fundi akaja kuchungulia, akacheka mpaka akakalia ndoo. Eti hukazi kitu mpaka vyote vikae mahali pake. Nikalegeza zote. Upya. Jioni limenyooka kama rula! Nimechomeka soksi yangu ya shule kwenye mdomo wa bomba, mende wasihamie.

Jumamosi, 10 Mei

Mnunuzi kaja na shati jeupe. Akainama nyuma ya gari kukagua. Baba akawasha.

Soksi! Niliisahau. Ilitoka kama risasi, ikatua kifuani pake, nyeusi tii. Halafu ule mngurumo! Madirisha yakatetemeka. Nikangoja akimbie. Akafumba macho, akatabasamu. Akasema analichukua leo leo.

Redio akainua soksi, akautangazia mtaa mzima ni ya nani. Baba akauliza nani kafunga ekzosi hii. Nikaona nikinyamaza, gari limekwenda.

“Mimi, baba. Naomba usiliuze.”

Hata mnunuzi aligeuka. Kumbe nilisikika!

Baba akakanyaga mafuta tena, akasikiliza, machozi yakimlengalenga. “Hivi ndivyo lilivyonguruma siku niliyokwenda kumposa mama yako. Samahani, ndugu yangu. Haliuzwi.”

Mama akasema siku hiyo babu nusura amkatae kwa kelele hizohizo.

Jumapili, 11 Mei

Ushindi! Redio kanuna, nyumba imetulia. Baba kanionya nisiguse tena gari la mtu bila ruhusa. Nikaitikia kwa heshima zote. Nimemwelewa kabisa.

Pikipiki si gari.

Soksi ya pili ilikuwa haina kazi. Sasa imekaa vizuri sana kwenye ekzosi ya pikipiki ya Redio, na kesho asubuhi mama ataanika mashuka nyuma yake.

Namsikia mama akiuliza chumba hadi chumba soksi ya pili iko wapi. Hatua zinakuja huku. Mlango wangu. Daftari, ingia chini ya godo