Muhuri wa Valerian

Jumatatu, 13 Aprili

Nimedhulumiwa! Jana, mkutano wa mtaa hapa Tabata, mbele ya kadamnasi, mtendaji wetu wa mtaa, Valerian, kaninyang'anya kipaza sauti. Ndio kwanza nilikuwa naanza. Dakika arobaini tu! Bado niko kwenye utangulizi! Watu wakapiga makofi. Walikuwa wananipigia mie, sema Valerian akadhani ni yake.

Asubuhi nimemweleza mke wangu, Tusajigwe, kwamba huu ni uvunjaji wa haki za binadamu. Akaniambia ninyanyue miguu apate kufagia.

Dawa ya moto ni moto. Naenda Tume ya haki za binadamu. Nasikia mwananchi yeyote anapokelewa, tena bure. Waje wambebe Valerian na kandambili zake. Uchaguzi ujao mtaa utakuwa umeshajua nani mwenye ubavu wa uenyekiti.

Alhamisi, 16 Aprili

Malalamiko tayari. Kurasa kumi na moja, kwa mkono wangu. Nimeanza na utoto wangu Tukuyu ili wanielewe.

Kasoro moja: yanaonekana kama ugomvi wa watu wawili. Nikamkumbuka Demetria, mama Lulu, mjane wa nyumba ya tatu, muuza maandazi. Wiki tatu zilizopita mgambo wa mtaa walimbebea jiko na karai, eti kaziba njia. Hawakumpa hata kikaratasi. Kila akienda kuulizia anaambiwa vitu vimepelekwa manispaa. Karai lenyewe alipewa na marehemu mama yake, kalibeba kutoka Bukoba, sikio moja limefungwa waya. Tangu siku hiyo hakaangi, na hata mie nakunywa chai kavu.

Nimemtia mwishoni, kama pilipili. Mstari mmoja: "Vilevile yupo mjane kachukuliwa karai."

Ijumaa, 17 Aprili

Barua bila muhuri wa serikali ya mtaa ni karatasi ya kufungia karanga. Hilo nimefundishwa tangu ujana. Ukitaka kazi, muhuri. Ukitaka kumtoa mtu polisi, muhuri. Kwa hiyo nimekwenda kugonga muhuri.

Kwa Valerian, ndiyo. Mwenye muhuri ni yeye, ningefanyaje?

Nimeikunja barua kijanja ionekane nafasi ya chini tu. Nikasema naomba msaada serikalini. Akanipa shikamoo, mnafiki yule, akaandika: "Namfahamu mleta barua. Ni mkazi wangu mwaminifu. Asaidiwe tafadhali." Pwaa! Muhuri. Nimetoka nacheka peke yangu hadi watoto wakanipisha.

Ofisi inavuja, aibu tupu. Wameweka karai kubwa katikati ya chumba kukinga matone, tena bovu, sikio limefungwa waya. Tone limenirukia kwenye kiatu. Nimeongeza kwenye ukurasa wa nne: kiatu.

Jumanne, 21 Aprili

Tume. Nimepokewa na afisa, Bi Lubaba, binti mpole mwenye miwani. Kasoma kurasa zote kumi na moja, hata Tukuyu. Kauliza shauri liko mahakamani? Halipo. Nimelalamika kwingine kwanza? Kila mahali: kwa mjumbe, kwa mchungaji, kwa Tusajigwe.

Alipofika kwenye muhuri akavua miwani. Akauliza ninamlalamikia nani. Valerian. Na muhuri huu wa nani? Wa Valerian. Akaniomba radhi, akaingia chumba cha pili. Nikasikia watu wanacheka huko. Akarudi amekauka kama hakimu, akanieleza kwamba malalamiko hayahitaji muhuri wa mtu. Jina, anwani na kilichotokea vinatosha. Asiyejua kuandika anasimulia kwa mdomo, wao wanaandika.

Sikumbishia. Binti bado mdogo, hajui serikali.

Halafu akaanza kuniuliza habari za mjane! Nani, lini, nani alichukua, alipewa karatasi gani. Nikamwambia yule ni pilipili tu, mboga yenyewe ni kipaza sauti. Kaandika ukurasa mzima na nusu wa pilipili.

Nimeuliza Valerian anakamatwa lini. Akasema wao hawakamati mtu. Kwanza wanamwandikia, ajibu. Yaani wanamwambia! Uchunguzi gani huu wa kumpigia mwizi hodi?

Ijumaa, 8 Mei

Majibu ya Valerian yamefika Tume. Nimepewa nakala nitoe maoni yangu. Kuhusu kipaza: watu kumi na sita walikuwa wanasubiri zamu. Kuhusu karai: lilikwenda manispaa. Na mwishoni kaandika kwamba hana kinyongo na mzee Lusungu, yaani mie, ndiyo maana malalamiko kayagongea muhuri yeye mwenyewe.

Mjanja sana huyu mtu. Maoni yangu: kurasa tisa.

Jumatano, 20 Mei

Wamekuja! Bi Lubaba na mwenzake. Nimevaa suti. Tusajigwe nilishamfundisha la kusema: "Nilishuhudia kwa macho yangu haki ikipokonywa."

Kumbe wanahoji mmoja mmoja, faragha. Mie, mwenye kesi, nikawekwa nje na kuku! Tusajigwe katoka anatabasamu. Kasema kawaambia ukweli, kwamba angekuwa karibu, kipaza angeninyang'anya yeye. Halafu kawauliza kama Tume inashughulikia na watu wanaohutubia sebuleni.

Mama Lulu nikamsikiliza dirishani. Kalia. Kasema karai ndilo lililokuwa linalisha watoto, sasa Lulu anakwenda shule na maji ya chumvi tumboni. Nimeumia, sitaficha.

Tukaenda ofisini kwa Valerian. Mvua imekata wiki nzima lakini karai lipo palepale, limejaa maji ya masika. Mama Lulu kaenda moja kwa moja, kashika ule waya, kasema huu niliufunga mwenyewe. Bi Lubaba akaomba hati ya kuchukulia vitu. Hakuna. Barua ya kuvipeleka manispaa? Hakuna. Valerian jasho.

Nikaona nisaidie. Nikasema mbona karai hilo mie nililiona hapohapo tangu tarehe kumi na saba mwezi uliopita!

Wakanigeukia wote. Mama Lulu kauachia ule waya. Kaniangalia tu, kwa muda mrefu. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 31 Mei

Mkutano wa mtaa. Valerian karudisha karai na jiko mbele ya watu wote, kamwomba mama Lulu msamaha. Kasamehewa. Vigelegele. Kisha yakasomwa mapendekezo ya Tume: mgambo wasibebe kitu cha mtu bila karatasi, na mkutanoni kila msemaji apewe dakika tano.

Dakika tano! Nikapewa kipaza. Sijamaliza hata kuwasalimia wageni waalikwa, Valerian huyo, samahani mzee, kakichukua. Makofi! Bila shaka yalikuwa yangu. Kuna wehu nyuma wakapaza sauti kwamba mama Lulu agombee uenyekiti.

Jioni mama Lulu kapitisha maandazi nyumba zote. Na kwetu kaleta, sita, ya moto. Sikuweza kumtazama usoni. Nimekula manne.

Lakini dhuluma haifunikwi kwa andazi. Nimekaa chini, nimeandika malalamiko mapya kwa Tume, dhidi ya dakika tano zao. Kurasa kumi na tisa. Mama Lulu nimemtia mwishoni, mstari mmoja.

Kesho nawahi ofisini kwa Valerian kabla foleni haijawa ndefu. Bila muhuri, nani ataisoma?